Nyota Yangu Inakufa Ndani ya Kompyuta: Je, Ninunue Mashine Kubwa Zaidi?

"Nafundisha fizikia na hesabu katika shule ya sekondari, na kwa mwaka mmoja sasa najisomea nadharia ya uhusianifu wa jumla ya Einstein jioni baada ya kazi. Nimeandika kwa Python programu ya kuiga nyota moja ya nyutroni, yaani nyota iliyobanwa mno, yenye umbo la tufe, nikitumia milinganyo ya ADM kama nilivyoikuta kitabuni. Nyota hutulia kwa muda, kisha namba hupanda ghafla hadi programu inatoa 'nan' (yaani 'si namba') tupu kila mahali. Nilipoongeza nukta za gridi kutoka 100 hadi 400 nikitarajia nafuu, ilikufa mapema zaidi. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, anasema mashine yangu yenye RAM ya gigabaiti 8 ni dhaifu, ninunue kompyuta ya michezo yenye kadi kubwa ya michoro. Hiyo ni akiba yangu yote. Mwenzangu wa ofisini naye anasema najisumbua bure, kwa sababu video za mashimo meusi yanayogongana ni katuni tu, hakuna aliyekwenda huko akaona. Yupi yuko sahihi, na je, mtu kama mimi aweza kufanya lolote la maana katika fani hii?"

Mwalimu, nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazoweza kupotea wiki hii. Usinunue hiyo kompyuta. Hakuna kitu katika maelezo yako kinachoonyesha kwamba mashine imeshindwa, na ile sentensi yako kuhusu nukta 100 na 400 inanifanya niamini kwamba mashine kubwa zaidi ingeiua nyota yako haraka zaidi. Kuhusu mwenzako wa ofisini, yuko sahihi katika jambo moja dogo na amekosea katika lile kubwa. Nitamrudia baada ya kueleza kinachotokea ndani ya programu yako, kwa sababu jibu lake linatoka humo humo.

Katika fizikia ya Newton unayofundisha darasani, mwendo wa miili miwili inayovutana hupatiwa jibu kamili kwa kalamu na karatasi. Katika nadharia ya Einstein, mwili mmoja uliotulia una jibu la namna hiyo, alilolitoa Karl Schwarzschild mwaka 1916, lakini miili miwili inayozungukana haina fomula kamili hata moja. Sababu yake ni kwamba mvutano wenyewe ni umbo la nafasi-wakati, yaani nafasi na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja, na umbo hilo hutikiswa na miili inayopita ndani yake. Mtikisiko huondoka kama mawimbi, mawimbi hubeba nishati, na miili ikipoteza nishati husogeleana na kuzidi kutikisa. Milinganyo ni 10, na kila mmoja umefungamana na mingine kiasi kwamba huwezi kuutatua peke yake. Ndiyo maana tunakokotoa.

Njia ya kukokotoa uliyoitumia ilitolewa na Arnowitt, Deser na Misner kati ya mwaka 1959 na 1962, na jina ADM ni herufi zao za kwanza. Walichofanya ni kuikata nafasi-wakati vipande vyembamba, kila kipande kikiwa nafasi nzima kwa wakati mmoja wa saa uliyoichagua, kisha kuigawa milinganyo ya Einstein makundi mawili. Sita inaeleza jinsi kipande kimoja kinavyozaa kinachofuata. Minne iliyobaki haisemi lolote kuhusu kesho. Inasema tu kipande gani kinaruhusiwa kuwapo. Unaifahamu hali hii kutoka kwenye sumaku: sheria moja inaeleza jinsi uga wa sumaku unavyobadilika, na nyingine inasema kwamba mistari ya uga haina mwanzo wala mwisho, wakati wowote. Hesabu kamili inahakikisha kwamba kipande cha kwanza kikitii yale masharti manne, vyote vitakavyofuata vitatii. Kompyuta haifanyi hesabu kamili. Inakata desimali, inakadiria mteremko kwa kutoa namba mbili jirani, na kila hatua inaacha chembe ya kosa linalovunja masharti kidogo sana. Swali lote la fani hii ni nini kinalipata kosa hilo dogo baadaye: linafifia, linabaki palepale, au linakua?

Kuna jambo la pili ambalo wengi wanaojifunza wenyewe hulipita haraka. Milinganyo ya Einstein haikuambii saa zako ziende kwa kasi gani katika kila mahali, wala nukta za gridi zikae wapi. Hayo unachagua mwenyewe, na uchaguzi mbaya unaua. Mfikirie mpima ardhi aliyepigilia vigingi kwenye mchanga unaotiririka polepole kuelekea shimoni. Asipogusa chochote, vigingi vilivyo karibu na shimo vitazama, vilivyo mbali vitabaki, na kamba zilizofungwa kati yake zitavutika hadi zikatike. Mpima mwenye busara huchelewesha saa pale karibu na shimo ili mambo ya huko yasifike mwisho wake kabla ya mengine, na huvisogeza vigingi kinyume na mtiririko kadiri mchanga unavyokwenda. Katika uigaji wa mashimo meusi kazi hii ya kuchelewesha saa na kusogeza vigingi hufanywa na milinganyo ya ziada inayokwenda sambamba na ile ya Einstein, na haikupatikana kwa siku moja.

Sasa tuje kwenye nyota yako. Yvonne Choquet-Bruhat, mwanahisabati wa Ufaransa, alithibitisha mwaka 1952 kwamba milinganyo ya Einstein inaweza kuandikwa kwa namna ambayo hali ya leo inaamua hali ya kesho kwa utulivu, yaani kosa dogo leo linabaki kosa dogo kesho. Neno la kuzingatia ni "kwa namna". Milinganyo ile ile ikiandikwa kwa namna nyingine, ingawa ni sahihi kabisa kwenye karatasi, hupoteza utulivu huo. Namna ya ADM ya kitabuni ni mojawapo ya hizo zisizoaminika: makosa yenye mawimbi mafupi hukua, na kadiri wimbi la kosa linavyokuwa fupi ndivyo linavyokua kwa kasi. Sasa ukiongeza nukta, umeiwezesha gridi kubeba mawimbi mafupi zaidi. Umeipa maradhi nafasi ya kukua haraka. Hiyo ndiyo sababu nimesema mashine kubwa ingeharakisha kifo.

Historia inanisaidia kumjibu shemeji yako kwa heshima, kwa sababu watu wengi mahiri walifikiri kama yeye. Mwaka 1964 Susan Hahn na Richard Lindquist walijaribu kuiga mgongano wa miili miwili ya namna hii kwenye kompyuta ya IBM 7090, na ukokotozi wao ukafika hatua kama 50 kabla ya makosa kuuzidi. Katika miaka ya 1970 Larry Smarr na Kenneth Eppley walifanikiwa kiasi na mashimo mawili yanayogongana uso kwa uso. (Smarr huyo ndiye baadaye aliyeongoza kuanzishwa kwa kituo cha kompyuta kubwa cha NCSA huko Illinois, na ndani ya kituo hicho kikazaliwa kivinjari cha Mosaic mwaka 1993, sisi tunaotumia intaneti tuna deni kidogo kwa mashimo meusi.) Katika miaka ya 1990 vyuo kadhaa vya Marekani viliungana katika mradi mkubwa wa kuiga mashimo mawili yanayozungukana. Kompyuta zilikuwa zimekua mara nyingi mno kuliko IBM 7090, na bado mashimo hayakumaliza hata mzunguko mmoja kabla ya programu kuanguka.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kalamu. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Takashi Nakamura, kisha Masaru Shibata mwaka 1995, kisha Thomas Baumgarte na Stuart Shapiro, waliiandika upya milinganyo ya ADM kwa kutenganisha ukubwa wa nafasi na umbo lake na kuongeza vigeu vichache. Namna hiyo leo huitwa BSSN, kwa herufi za majina yao. Kwa njia tofauti kabisa, Frans Pretorius mwaka 2005 alitumia namna iliyo karibu na ile ya Choquet-Bruhat, akaongeza vipengele vinavyoyafifisha makosa ya masharti kila yanapozuka, akakata sehemu ya ndani ya shimo isiyoweza kupeleka habari nje, na mashimo yake yakazungukana, yakaungana na kutulia. Miezi michache baadaye makundi mawili, moja la Brownsville huko Texas na jingine la kituo cha Goddard cha NASA, yalifika huko huko kwa BSSN na vigingi vinavyosogea vizuri. Miaka zaidi ya 40 ya kuanguka ilimalizika ndani ya miezi kadhaa, na hakuna mtu aliyekuwa amenunua mashine mpya ya ajabu.

Lakini nisikuhukumu kabla ya kukuhoji, kwa sababu dalili yako ina mshukiwa wa pili. Ulipoongeza nukta kutoka 100 hadi 400, je, ulipunguza pia hatua ya wakati mara nne? Kama hukupunguza, basi ugonjwa unaweza kuwa mwepesi kuliko nilivyoeleza. Katika ukokotozi wa namna yako, habari haipaswi kuvuka zaidi ya nafasi moja ya gridi kwa hatua moja ya wakati. Tuseme gridi yako ina urefu wa kilomita 20 na nukta 200. Nafasi kati ya nukta ni mita 100, na mwanga huzivuka kwa theluthi moja hivi ya mikrosekunde. Hatua yako ya wakati lazima iwe ndogo kuliko hiyo, na wengi wetu hutumia nusu yake. Ukizidisha, programu italipuka hata kama milinganyo yako ni mizuri kuliko yote. Hili hukaguliwa kwa dakika tano, kwa hiyo lianze hili.

Baada ya hapo, fanya jambo ambalo laiti ningelifanya mapema mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza wiki tatu nikiilaumu nadharia ya Einstein kwa kosa lililokuwa kwenye mstari mmoja wa programu yangu, kwa sababu nilikuwa natazama matokeo baada ya "nan" kuenea kote. Hiyo "nan" ni kama tone la wino kwenye karatasi iliyolowa: inaanzia nukta moja, na kila hatua inachafua jirani zake. Ukilitazama baadaye unaona doa tu. Kwa hiyo andika mistari michache inayosimamisha programu mara tu namba isiyo namba inapotokea, na kuchapisha hatua ya ngapi na nukta ipi, kisha uchore vigeu vyote kama vilivyokuwa hatua kumi kabla yake. Mahali pa kuzaliwa kwa doa panataja ugonjwa.

Likianzia kitovuni, shuku vile vipengele vinavyogawanywa kwa umbali kutoka kitovu. Kwenye karatasi kile kinachogawanywa kinakwenda sifuri pia, na matokeo ni mazuri. Kwenye kompyuta unapata sifuri kwa sifuri. Dawa ya kawaida ni kuziweka nukta nusu hatua pembeni, ili kusiwe na nukta inayokaa kitovuni hasa. Likianzia kwenye uso wa nyota, na mimi langu lilianzia hapo, shuku ombwe. Ndani ya nyota msongamano ni mkubwa mno, nje ni sifuri, na ukadiriaji wowote unaovuka mpaka huo huyumba chini ya sifuri kwa nukta moja. Kisha unatafuta kasi ya sauti kwa kipeuo cha pili cha namba hasi, na umekwisha. Ndiyo maana programu nyingi za kitaalamu huizungushia nyota angahewa hafifu ya bandia, tuseme mara milioni 100 chini ya msongamano wa kitovuni, na hairuhusiwi kushuka chini ya hapo. Si fizikia safi, na hatulifichi hilo, lakini inafanya kazi mradi uhakikishe kwamba ukiipunguza mara kumi majibu hayabadiliki. Likianzia ukingo wa nje wa gridi, basi ukingo wako unarudisha mawimbi ndani badala ya kuyaacha yatoke. Na ukiona msumeno wa meno madogo unaokua karibu kila mahali kwa pamoja, ukipanda na kushuka nukta moja baada ya nyingine, hapo ndipo tunamrudia mshukiwa wetu wa kwanza, yaani milinganyo yenyewe.

Kwa bahati yako nyota ya tufe inakupa njia ya mkato. Kitu kinachobaki na umbo la tufe hakitoi mawimbi ya mvutano hata kikijibana au kutanuka, kwa hiyo umbo la nafasi-wakati halina uhuru wake. Linaamuliwa kabisa na maada iliyopo. Unaweza basi kuiacha ile milinganyo sita ya mabadiliko na, katika kila hatua, kulijenga upya umbo kutoka kitovuni kwenda nje kwa kutumia masharti. Masharti hayawezi kuvunjika kwa sababu ndiyo unayoyatatua. Michael May na Richard White waliiga kuporomoka kwa nyota za tufe tangu mwaka 1966, kwa hiyo hata mashine za wakati huo zilitosha kwa tatizo la aina yako.

Hesabu kidogo itakuonyesha kwamba na yako inatosha. Kwa nukta 200 na hatua ya sudusi moja ya mikrosekunde, milisekunde 5 za maisha ya nyota zinahitaji hatua 30,000. Ukitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ipasavyo, bila kuzungusha kitanzi kwenye kila nukta, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kumbukumbu inayohitajika kwa namba zenyewe za nyota haifiki hata megabaiti moja.

Ili ujue kama umepona, tumia nyota ya majaribio ambayo karibu kila kundi limeitumia. Chukua vipimo ambavyo kasi ya mwanga, namba thabiti ya mvutano ya Newton na masi ya Jua vyote ni 1. Hapo kipimo kimoja cha urefu ni kilomita 1.477 na kimoja cha wakati ni mikrosekunde 4.925. Kanieneo iwe msongamano ukizidishwa kwa wenyewe, kisha mara 100, na msongamano wa kitovuni uwe 0.00128. Ukitatua usawa wa nyota hiyo utapata masi 1.40 ya Jua na nusu kipenyo cha kilomita 14.16, usipopata hivyo, usiendelee, rekebisha kwanza. Kisha ifungie nafasi-wakati isibadilike, iruhusu maada tu itembee, na uitikise nyota kidogo. Itapumua ndani na nje mara 2,700 hivi kwa sekunde. Sasa ifungulie nafasi-wakati. Pumzi inapaswa kushuka hadi karibu mara 1,440 kwa sekunde.

Tofauti hiyo kubwa inanifurahisha hadi leo, na ina maana rahisi. Nyota inapojibana, kanieneo huisukuma itanuke tena. Nafasi-wakati ikiwa huru, mvutano nao huongezeka wakati wa kujibana na kulishindania lile sukumo, kwa hiyo nguvu ya kurudisha inadhoofika na pumzi inakuwa ya taratibu. Ukiipata ile 2,700 lakini si 1,440, maada yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye mvutano. Usipoipata hata ya kwanza, usimguse Einstein bado.

Jaribio la mwisho ndilo ambalo pia litanyamazisha mzaha wa ofisini. Endesha programu mara tatu, kwa nukta 100, 200 na 400, huku hatua ya wakati ikipungua sambamba. Ikiwa njia yako ya kukadiria ni ya daraja la pili, yaani kosa hupungua mara nne nukta zikiongezwa mara mbili, basi tofauti kati ya jibu la pili na la tatu inapaswa kuwa robo ya tofauti kati ya la kwanza na la pili. Majibu yanakaribiana, tena yanakaribiana kwa kasi iliyotabiriwa kabla. Mchora katuni hana sharti la namna hiyo. Anaweza kuchora anavyotaka, wala picha ya pili haimhukumu kwa ya kwanza.

Mwenzako yuko sahihi kuhusu rangi. Ile miali ya zambarau na machungwa kwenye video huchaguliwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini, na ninakiri kwamba baadhi ya wenzangu wana mapenzi ya kupita kiasi na zambarau. Lakini chini ya rangi kuna namba, na namba hizo zilikwisha kupimwa. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo viwili vya LIGO vya kupima mawimbi ya mvutano nchini Marekani vilinasa mtikisiko wa sehemu ndogo ya sekunde, na umbo lake likalingana na lile ambalo ukokotozi ulikuwa umelitoa kwa mashimo meusi mawili yanayoungana, moja la masi 36 hivi za Jua na jingine 29. Shimo lililobaki lilikuwa la masi 62. Zile tatu zilizopungua ziliondoka kama mawimbi ya mvutano. Kipimo cha 62 kisingepatikana bila uigaji, kwa kuwa hakuna fomula inayokuambia moja kwa moja ni kiasi gani kinapotea mwishoni kabisa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Agosti 2017, zilisikika nyota mbili za nyutroni zikiungana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano ulifika mmweko wa miali ya gamma, kisha darubini zikaona mwanga uliobadilika kutoka buluu kwenda wekundu kwa siku kadhaa. Mwanga huo ulitoka kwa maada iliyorushwa nje na kugeuka kuwa elementi nzito, na waigaji walikuwa wamekwisha kueleza kwamba mgongano wa namna hiyo hurusha maada. Hakuna aliyekwenda huko, ni kweli. Lakini habari zilitufuata zenyewe hapa.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli nikikuacha uamini kwamba kila video ya nyota za nyutroni ni sahihi sawa na ile ya mashimo meusi. Shimo jeusi ni kitu rahisi: masi na mzunguko vinatosha kulieleza. Nyota ya nyutroni ina maada iliyobanwa kupita kiini cha atomu, masi moja na nusu hivi ya Jua ndani ya kitu chenye upana wa kilomita 24 tu, na hatujui kwa hakika kanieneo yake ni kiasi gani kwa kila msongamano. Kila mwigaji huchagua sheria moja kati ya nyingi zinazowezekana, na majibu yake yanafuata uchaguzi huo. Tena nyota hizo zinapogusana, mpaka kati yake hujikunja vizimbwi vidogo vidogo vinavyozidisha nguvu za sumaku, na vizimbwi hivyo ni vidogo kuliko nafasi za gridi. Mwaka 2015 Kenta Kiuchi na wenzake walifika hadi mita 17.5 kati ya nukta kwenye kompyuta kubwa ya Japani iitwayo K, na bado nguvu za sumaku ziliendelea kukua kila walipoongeza usahihi. Kwa maneno mengine, lile jaribio la robo nililokupa linagoma hapo. Video inayoonyesha nguvu za sumaku baada ya mgongano itazame kwa hadhari. Inayoonyesha mizunguko ya mwisho kabla ya kugusana, iamini zaidi.

Kwa kuwa umeuliza kama mtu kama wewe ana nafasi, niruhusu nikumbushe kwamba bahari yetu imo katika hadithi hii. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyoona mipigo ya Centaurus X-3 kila baada ya sekunde 4.8 hivi, ambayo ilikuja kueleweka kuwa ya nyota ya nyutroni inayonyonya maada ya mwenzake, na ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Vitu unavyoviiga jioni sebuleni kwako vilitambuliwa kwa chombo kilichoondokea Pwani.

Kwa kompyuta yako ya sasa unaweza kumaliza kazi ya nyota ya tufe yote niliyoieleza, na hata kuiporomosha nyota iliyozidi masi hadi ikaribie kuwa shimo jeusi. Unaweza pia kupakua Einstein Toolkit, mkusanyiko wa programu huria unaotumiwa na watafiti wenyewe, na kuendesha mifano yake midogo. Ufungaji wake utakuchosha siku moja au mbili, na usijilaumu. Au pakua maumbo ya mawimbi kutoka katalogi ya wazi ya kundi la waigaji la SXS, pamoja na data za wazi za LIGO, ukalinganishe mwenyewe la hesabu na lililosikika. Kwa mwalimu nadhani hii ndiyo njia yenye faida ya haraka zaidi, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha sita wanaweza kushiriki.

Usichoweza kufanya nyumbani ni mgongano kamili wa pande tatu, na kadi ya michezo haitakuokoa. Gridi ya kilomita 40 kila upande yenye nafasi za mita 100 ina nukta milioni 64. Kila nukta ikibeba vigeu 24, nakala moja tu inakula gigabaiti 12, na programu huhitaji nakala kadhaa kwa wakati mmoja. Ukitaka nafasi iwe nusu, nukta zinaongezeka mara 8 na hatua za wakati mara 2, yaani gharama mara 16. Isitoshe, kadi za michezo zimeundwa kwa namba za tarakimu chache, na kwa namba zenye usahihi tunaouhitaji kasi yake hushuka hadi sehemu ndogo sana ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Shemeji hakukudanganya, ni tangazo la kadi tu ambalo halisemi hivyo.

Itafika hatua ambapo mtu wa kuketi naye atakufaa kuliko maandishi yangu. Ukikuta "msumeno" hauondoki hata baada ya kubadilisha milinganyo, au ukitaka kuhamia pande tatu, usijifungie peke yako kwa miezi. Anza na idara ya fizikia au ya hesabu ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, na usitafute lazima mtaalamu wa mashimo meusi. Mhandisi anayeiga mtiririko wa maji au hewa atauona ugonjwa wa uso wa nyota yako kwa dakika chache, kwa sababu ni ugonjwa wake pia. Kigali kuna taasisi ya EAIFR, mshirika wa kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia, inayofundisha fizikia kwa ngazi ya uzamili, na Afrika Kusini Chuo Kikuu cha Rhodes kimekuwa na watu wa uhusianifu wa kukokotoa kwa miaka mingi. Ukiandikia mahali popote kati ya hapo, usitume programu nzima yenye mistari elfu moja na ombi la "naomba msaada". Tuma mchoro wa mahali "nan" ya kwanza ilipozaliwa, grafu ya pumzi ya nyota ikiwa imefungiwa nafasi-wakati, na ile ya majibu matatu ya nukta 100, 200 na 400. Mtu aliyepokea vitu hivyo vitatu atakujibu.